Bei ya Lita Moja ya Mafuta: Nani Anaamua Nini?

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, habari husambaa haraka katika vituo vya bodaboda vya Likoni, Changamwe na Kisauni: bei mpya ya mafuta imetoka. Ikisemekana itapanda, foleni huonekana kwenye vituo vya petroli kabla ya saa sita usiku. Ikisemekana itashuka, wengi hungojea kesho yake. Kufikia asubuhi ya tarehe 15, mama anayekaanga viazi karai kwa stovu ya mafuta ya taa, mvuvi mwenye boti ya injini na dereva wa matatu wote wameingia katika mwezi mpya wa hesabu.

Mazungumzo ya siku hiyo mara nyingi huishia kwenye neno moja: "Wamepandisha." Swali ambalo haliulizwi sana ni, wamepandisha akina nani? Bei ya lita moja si uamuzi wa mtu mmoja wala ofisi moja. Ni sehemu kadhaa zilizowekwa juu ya nyingine, na kila sehemu ina mwenyewe. Nyingine huamuliwa na soko la dunia, nyingine na Bunge, nyingine na waziri kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na nyingine na mdhibiti. Mkazi akijua ni sehemu ipi imesonga, atajua malalamiko yake ayapeleke wapi na kwa wakati gani. Asipojua, atalalamika mlango usio wake, na uamuzi utapita.

Somo hili linaifungua bei hiyo sehemu moja baada ya nyingine.

Tarehe 14 na kazi ya EPRA

Mwaka 1994 Kenya iliacha kudhibiti bei za mafuta, na kila kampuni ikawa huru kuuza kwa bei yake. Desemba 2010 udhibiti ulirejea kwa njia nyingine: mdhibiti akaanza kutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji. Leo kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo wengi huijua kwa jina la EPRA, chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019.

Bei hutangazwa tarehe 14 na kutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bidhaa zinazohusika ni tatu: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Ndiyo maana mtungi wa uzito uleule unaweza kuuzwa kwa bei mbili tofauti katika mtaa mmoja.

Jambo la kushika hapa ni kwamba EPRA hutangaza kiwango cha juu, si bei ya lazima. Kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo. Hakiruhusiwi kuuza juu yake, hata kwa senti chache.

Safari ya lita moja

Mafuta yote ya petroli na dizeli yanayouzwa Kenya hutoka nje yakiwa tayari yamesafishwa. Haikuwa hivyo siku zote. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 kikipokea mafuta ghafi, lakini kiliacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo matangi yake hutumika kuhifadhi. Hata mafuta ghafi yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 hayawezi peke yake kumpa mkazi petroli, kwa kuwa nchi haina kiwanda cha kuyasafisha.

Meli hushusha mzigo katika gati la mafuta la Kipevu. Kutoka hapo mafuta huingia kwenye matangi, kisha kwenye bomba la Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya. Bomba la kwanza kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kutumika mwaka 1978, na baadaye likaendelezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Sehemu zisizofikiwa na bomba hupelekewa kwa malori.

Hii ndiyo sababu bei hutofautiana kutoka mji hadi mji. Katika miaka ya karibuni petroli ya Mombasa imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 3 chini ya ile ya Nairobi, kwa kuwa haikusafirishwa mbali. Mandera, iliyo mbali na bandari kuliko karibu mji mwingine wowote, huwa miongoni mwa miji yenye bei kubwa zaidi. Lakini shilingi 3 ndizo faida yote ambayo mkazi wa Mombasa anapata kwa kuishi kando ya gati. Sehemu nyingine za bei ni zilezile kwa nchi nzima.

Njia ya kununua mzigo wenyewe ilibadilika mwaka 2023. Kabla ya hapo kampuni za mafuta zilishindania zabuni ya wazi, na aliyeshinda akaleta mzigo kwa niaba ya wote. Machi 2023 serikali ya Kenya iliingia katika mpango na kampuni tatu za serikali za Ghuba: Saudi Aramco ya Saudia, pamoja na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu. Chini ya mpango huo mafuta hulipiwa baada ya siku 180. Nia iliyotajwa ilikuwa kupunguza mbio za kutafuta dola kila mwezi wakati dola zilikuwa adimu. Muda wa kulipa ulirefushwa, lakini deni lenyewe bado huhesabiwa kwa dola. Kwa hiyo shilingi ikidhoofika, lita hupanda hata kama bei ya dunia imetulia.

Hesabu ya lita moja

Njia rahisi ya kuelewa bei ni kuichukua ya mwezi mmoja na kuigawanya. Chukua petroli ya Nairobi kuanzia tarehe 15 Julai 2025. Bei ilikuwa shilingi 186.31 kwa lita.

EPRA ilieleza kwamba gharama ya wastani ya petroli iliyofika bandarini Juni 2025 ilikuwa dola 628.30 kwa mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo lita moja iligharimu takriban senti 63 za dola. Dola wakati huo ilikuwa karibu shilingi 129. Ukizidisha, lita iliyofika Kipevu ilikuwa na thamani ya karibu shilingi 81.

Kutoka 81 hadi 186 kuna safari ya zaidi ya shilingi 105. Zinakwenda wapi?

Ushuru wa bidhaa: shilingi 21.95.
Ada ya kutunza barabara: shilingi 25.
Ada ya ustawishaji wa petroli: shilingi 5.40.
Ushuru wa thamani, ambao wengi huuita VAT, asilimia 16: karibu shilingi 25.70.

Ushuru na ada hizo nne pekee zinafika karibu shilingi 78. Kinachobaki, karibu shilingi 27, ni ada ndogondogo za uagizaji, gharama za kuhifadhi na kusafirisha, na faida ya kampuni na wenye vituo, ambayo nayo huwekwa na EPRA.

Kwa maneno mengine, dereva aliyejaza mafuta ya shilingi 1,000 mwezi huo alilipa karibu shilingi 435 kwa mafuta yenyewe, karibu shilingi 420 kwa ushuru na ada hizo nne, na karibu shilingi 145 kwa mengineyo.

Kuna jambo moja zaidi katika hesabu hii ambalo huponyoka macho. VAT hutozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru wa bidhaa na ada ndani yake. Ni ushuru juu ya ushuru. Mwezi huo ada ya barabara ya shilingi 25 ilimfikia mnunuzi ikiwa shilingi 29.

Kila sehemu na mwenyewe

Bei ya dunia na thamani ya dola haziamuliwi na yeyote aliye Kenya. Mei 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipositisha safari duniani, petroli ya Nairobi ilishuka hadi shilingi 83.33. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya mafuta ghafi ilipaa na mwezi uliofuata ikapita dola 120 kwa pipa. Kwa hali kama hizi hakuna mbunge wala waziri anayeweza kuzuia chanzo. Kinachoweza kuamuliwa nchini ni namna ya kubeba mzigo huo.

Ruzuku ni uamuzi wa serikali ya kitaifa. Ada ya ustawishaji wa petroli ilipandishwa mwaka 2020 kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa petroli na dizeli, na kuanzia Aprili 2021 fedha zake zilitumika kushikilia bei isipande. Mwananchi alikuwa akiweka akiba pampuni na kurudishiwa pampuni. Mpango huo ulionyesha pia udhaifu wake. Aprili 2022, fidia ilipochelewa kuwafikia waagizaji, mafuta yaliadimika na foleni zikajaa barabarani katika miji mingi. Septemba mwaka huohuo ruzuku ya petroli iliondolewa, na bei ya Nairobi ikaruka kwa usiku mmoja kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Mafuta hayakuwa yameghali kwa shilingi 20 siku hiyo. Pazia tu lilikuwa limeondolewa.

VAT na ushuru wa bidhaa ni mamlaka ya Bunge, kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Katiba, kifungu cha 209, inaipa serikali ya kitaifa pekee uwezo wa kutoza ushuru huo. Serikali ya kaunti haina ushuru wake ndani ya lita. Historia ya VAT ya mafuta inaonyesha kwamba sauti ya wananchi ina uzito: ilianza kutozwa kwa asilimia 16 mnamo tarehe 1 Septemba 2018, na baada ya malalamiko makubwa ikapunguzwa mwezi huohuo hadi asilimia 8. Sheria ya Fedha ya 2023 iliirudisha hadi 16 kuanzia tarehe 1 Julai, na petroli ya Nairobi ikafika shilingi 195.53. Sheria hiyohiyo iliondoa VAT kwa gesi ya kupikia. Uamuzi mmoja wa Bunge uligusa jikoni na barabarani kwa njia mbili zinazopingana.

Ada ya kutunza barabara ina mlango tofauti. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, lakini kiwango chake kinaweza kubadilishwa kwa tangazo la waziri bila kusubiri Sheria ya Fedha. Mwaka 2024 ulitoa funzo kubwa. Mwezi Juni Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya maandamano ya nchi nzima. Mwezi uliofuata ada ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Bei ya pampu haikupanda Julai hiyo. Petroli ya Nairobi ilishuka kwa shilingi 1, hadi 188.84, kwa kuwa nchi ilikuwa katika kipindi ambacho bei ilikuwa ikiteremka mwezi baada ya mwezi. Aliyetazama ubao wa bei pekee aliona nafuu. Aliyesoma sehemu za bei aliona nafuu iliyopunguzwa.

Swali la Julai 2025

Mfano wa Julai 2025 una funzo lingine. Mwezi huo petroli ilipanda kwa shilingi 8.99 kwa lita. Kwa mwendeshaji wa bodaboda anayetumia lita nne kwa siku, hizo ni shilingi 36 kila siku, au karibu shilingi 935 kwa siku 26 za kazi. Fedha hizo zingenunua unga wa wiki kadhaa kwa familia ndogo.

Gharama ya mzigo bandarini ilikuwa imepanda kutoka dola 590.24 kwa mita ya ujazo mwezi Mei hadi 628.30 mwezi Juni. Tofauti hiyo ya dola 38 ni sawa na karibu shilingi 5 kwa lita. Ukiongeza VAT yake, inakaribia shilingi 6. Bei ya pampu ilipanda karibu 9. Shilingi 3 zilizobaki haziwezi kuwekwa kwenye mabega ya soko la dunia. Zinatoka katika sehemu nyingine: ada, faida, usafirishaji, au fidia iliyokuwapo mwezi mmoja na kupungua mwezi uliofuata.

Hesabu hiyo si ushahidi kwamba mtu amekosea. Inamwezesha mkazi kuuliza swali lenye nambari ndani yake. Kati ya "Kwa nini mafuta ni ghali?" na "Mzigo ulipanda kwa shilingi 6. Hizi 3 ni za nini?" swali la pili ni gumu zaidi kujibiwa kwa maneno matupu.

Mafuta ya taa: bei ya kuzuia udanganyifu

Hadi mwaka 2018 mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu kuliko dizeli kwa kiasi kikubwa. Nia ilikuwa njema, kuwalinda wanaopikia na kuwashia taa. Lakini pengo hilo liliwavutia wafanyabiashara wasio waaminifu, waliochanganya mafuta ya taa na dizeli na kuuza kama dizeli safi. Injini za malori ziliharibika na serikali ikapoteza ushuru.

Septemba 2018 iliwekwa ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Pengo la bei lilizibwa. Lakini mzigo wa kuziba pengo hilo uliangukia pia nyumba ambazo hazikuwahi kuchanganya chochote. Anayenunua mafuta ya taa ya chupa kwa ajili ya kupika jioni hulipa ada iliyokusudiwa kumzuia mwenye lori. Oktoba 2023 mafuta ya taa yalifika shilingi 205.06 kwa lita Nairobi, karibu sawa kabisa na dizeli iliyokuwa 205.47.

Mfano huu unafundisha kwamba sera inaweza kufanikiwa katika lengo lake na bado ikawa na mtu anayelipia mafanikio hayo. Gesi iliyoondolewa VAT ilitarajiwa kuwa kimbilio la nyumba hizo. Lakini mtungi, kichomeo na mpira wake hununuliwa kwa fedha za mara moja, huku mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo cha shilingi 50. Kwa asiye na akiba, kilicho nafuu kwa mwezi kinaweza kuwa kisichofikika kwa siku.

Kwa nini nauli hupanda upesi na kushuka polepole

Oktoba 2023 petroli ya Nairobi ilifika shilingi 217.36. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa imefikia karibu shilingi 160, kisha shilingi ikapata nguvu hadi karibu 130 kufikia katikati ya mwaka. Januari 2025 petroli ilikuwa 176.58. Zaidi ya shilingi 40 zilikuwa zimeondoka katika kila lita. Abiria wengi hawakuziona kwenye nauli.

Sababu ni kwamba udhibiti wa EPRA huishia pampuni. Nauli za matatu, bei ya samaki na gharama ya kusafirisha mboga hadi Kongowea huamuliwa na soko. Mwenye gari akishaona abiria wamezoea nauli mpya, hana sheria inayomlazimisha kuirudisha. Aidha mafuta ni sehemu moja tu ya gharama zake. Vipuri, bima na mkopo wa gari havishuki tarehe 15.

Hapa wenye nguvu ni abiria wenyewe na vyama vya wenye matatu. Abiria wanaojua kwamba dizeli imeshuka kwa shilingi ngapi tangu nauli ipandishwe wana hoja ya kuweka mezani. Vivyo hivyo wavuvi wanaonunua petroli kwa pamoja wana nafasi ya kuomba kituo kiwauzie chini ya bei ya juu, kwa kuwa sheria inaruhusu.

Mafuta ndani ya tokeni ya stima

Asiye na gari wala stovu bado hununua mafuta kila anaponunua tokeni. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo na jua. Lakini Pwani ina mitambo inayochoma mafuta mazito, kama ile ya Kipevu na ya Rabai katika kaunti jirani ya Kilifi. Mabwawa yakipungua maji, au mahitaji ya jioni yakizidi, mitambo hiyo huwashwa.

Gharama ya mafuta hayo huonekana kwenye ujumbe wa tokeni kama mstari wake, na hubadilika kila mwezi. Pia kuna mstari wa kurekebisha mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni. Ndiyo maana shilingi 500 zilezile hazileti uniti zilezile mwezi hadi mwezi hata kama bei ya msingi ya umeme haijaguswa. Anayehifadhi ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu anaweza kuulinganisha mstari kwa mstari.

Anachoweza kufanya mkazi

Kwanza, asome tangazo lote la tarehe 14, si kichwa cha habari. Tangazo hutaja gharama ya mzigo kwa mwezi uliopita na mwezi kabla yake. Nambari hizo mbili zinatosha kufanya hesabu kama ile ya Julai 2025.

Pili, alinganishe ubao wa kituo na bei ya juu ya mji wake. Kituo kikiuza zaidi ya kiwango, risiti ndiyo ushahidi. Malalamiko yenye risiti, tarehe na jina la kituo hupelekwa EPRA.

Tatu, aangalie kipimo. Bei inaweza kuwa halali na lita ikawa pungufu. Ukaguzi wa pampu ni kazi ya maafisa wa mizani na vipimo, ambayo imo katika majukumu ya kaunti ya kusimamia biashara. Pampu iliyokaguliwa hutiwa alama na mkaguzi. Kabla ya kujaziwa, mnunuzi ahakikishe mashine inaanza na sifuri. Anayenunua kwa mtungi wa plastiki asitegemee alama za mtungi, kwa kuwa mtungi haukutengenezwa kuwa kipimo.

Nne, atoe maoni wakati unaofaa. Mswada wa Fedha kwa kawaida hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, wananchi huitwa kutoa maoni mwezi Mei, na sheria hukamilika kufikia mwisho wa Juni. Malalamiko kuhusu VAT yanayotolewa Agosti yamechelewa karibu mwaka mzima. Mabadiliko ya ada kwa tangazo la waziri hayafuati kalenda hiyo, lakini nayo huhitaji ushirikishaji wa umma. Matangazo yake huchapishwa magazetini na hupita upesi.

Tano, afuatilie mpango wa kawi wa kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti kuwa na mpango wake. Kaunti haiwezi kushusha VAT, lakini inaweza kupanga namna shule, zahanati na masoko yake yatakavyopunguza kutegemea mafuta, na mpango huo hujadiliwa na wananchi.

Maswali ya kujadili barazani na katika vikundi

1. Ada ya barabara ikipandishwa kwa shilingi 7, ni shilingi ngapi zitamfikia mnunuzi baada ya VAT ya asilimia 16? (Jibu: shilingi 8.12.)

2. Mzigo umeshuka kwa dola 50 kwa mita ya ujazo na dola ni shilingi 130. Lita ingetarajiwa kushuka kwa kiasi gani kabla ya VAT? (Jibu: shilingi 6.50.) Kama ubao umeshuka kwa shilingi 2, ni swali gani la kuuliza, na kwa nani?

3. Je, ada ya mafuta ya taa iendelee kuwa shilingi 18 ili kuzuia uchanganyaji, au kuna njia ya kuwakamata wachanganyaji bila kuwatoza wanaopika? Nani ana mamlaka ya kuibadilisha?

4. Nauli ya njia yenu ilipandishwa lini mara ya mwisho? Dizeli ilikuwa bei gani siku hiyo, na leo ni bei gani?

Tarehe 14 itarudi mwezi ujao, na mwezi utakaofuata. Bei huenda ikapanda, huenda ikashuka. Kikundi kilichofanya hesabu ya swali la pili kabla ya siku hiyo kitausoma ubao kikijua nini cha kuuliza na mlango upi wa kubisha.